Gari Lako Linalala Wapi? Kuchaji gari la umeme kwa anayeingia Nairobi kila siku

Ukinunua gari la umeme na kazi yako iko Nairobi, kuna swali moja utaulizwa mpaka ulichoke. Soja wa geti ataliuliza, shemeji ataliuliza, na vijana wa kuosha magari wataliuliza huku wakiinama kutafuta egzosi isiyokuwepo: "Sasa hii ukiwa tao, unachajia wapi?"

Miezi ya mwanzo nilikuwa nalijibu kwa bidii. Nataja maduka makubwa yenye chaja, natoa simu kuonyesha ramani. Hadi siku moja, katikati ya maelezo hayo, nikakumbuka kwamba nilikuwa na zaidi ya miezi miwili sijagusa chaja yoyote ya mjini. Naishi Juja, kazi iko Upper Hill, kwenda na kurudi ni kilomita 75 hivi. Na gari halijawahi kuniacha njiani.

Swali lenyewe ni la petroli. Petroli haikai nyumbani, kwa hivyo tumezoea kwamba gari hupelekwa mahali, linajazwa dakika tano, linaondoka. Stima imeshafika kwenye kuta zetu, lakini inajaza polepole. Kwa hivyo mahali pa kuchajia ni pale gari linapokaa muda mrefu bila kazi, na gari la mtu wa ofisi karibu muda wote halina kazi. Hata ukipigwa na foleni saa mbili asubuhi na mbili jioni, bado linabaki limesimama saa ishirini. Nane au tisa liko kazini, zilizobaki liko nyumbani. Anayetaka kujua kama gari la umeme litamfaa aanze kwa kuangalia linalala wapi, na ukuta wa hapo una nini.

Kabla hatujafika ukutani, kuna maneno mawili ambayo wauzaji wa magari huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kusudi. Uniti ni ile ile unayonunua kwa tokeni, kiasi cha stima. Kilowati ni kasi ambayo stima hiyo inavutwa. Shawa ya stima iliyo bafuni kwako huvuta kilowati tano hivi, kwa hivyo ukioga dakika kumi na mbili umemaliza uniti moja. Chaja ndogo inayokuja na gari, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, huvuta kama kilowati 2.4, chini ya nusu ya shawa. Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia gari "litamaliza stima ya mtaa". Kila alfajiri ploti nzima inaoga na mtaa bado upo. Tofauti iko kwenye muda tu, maana hakuna anayeoga saa tano mfululizo. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo ina makali yake.

Gari langu ni Nissan Leaf ya betri ya uniti 40, mtumba kutoka Japani kama nyingi zilizoko hapa. Kwa mwendo wa kawaida linakula uniti 15 kwa kilomita mia. Safari yangu ya siku basi ni uniti 11 na kitu kutoka kwenye betri, na ukiongeza kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, ukutani zinatoka 12 au 13. Gawa kwa 2.4, unapata saa tano na dakika chache. Nikichomeka saa nne usiku, kufikia saa tisa na robo limeshiba, nami niko usingizini. Kwa soketi ya kupigia pasi.

Sasa pesa. Stima ya nyumbani, ukijumlisha kodi na rundo la tozo zinazoning'inia kwenye bili, hucheza karibu na shilingi 30 kwa uniti kwa anayetumia nyingi. Siku yangu moja ni shilingi 375 hivi. Katika sehemu kubwa ya mwaka 2025, lita ya petroli Nairobi ilikuwa kati ya shilingi 174 na 187, na gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye foleni za Thika Road lingenitoa zaidi ya shilingi elfu moja kwa safari hiyo. (Matatu bado inatushinda wote mara nyingi. Anayenunua gari la umeme ili kuokoa nauli ya matatu arudie hesabu yake.)

Hiyo shilingi 30 ina mtego. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa makundi kulingana na matumizi ya mwezi: wasiopita uniti 30, wa kati ya 30 na 100, na waliovuka 100. Ukivuka 100, bei ya juu haishiki zile za ziada peke yake. Inashika zote, hata za balbu na friji. Nyumba yetu ilikuwa inatumia uniti 80 kwa mwezi, watu wa kundi la kati. Gari likaongeza 270 na zaidi. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza, maana yeye ndiye hununua tokeni: "Baba, mbona elfu moja siku hizi inaleta uniti kidogo?" Nikafikiri ni tozo mpya. Kumbe tumehamishwa kundi. Si hasara ya kukosesha mtu usingizi, lakini anayepiga hesabu ya gari aiweke ndani.

Kuna bei nyingine ambayo wengi wameisikia na wachache wanaitumia. Aprili 2023, mamlaka ya kawi, EPRA, ilianzisha bei maalum ya vyombo vya usafiri vya umeme kwa wanaotumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Bei yake ya msingi ilianza kwa shilingi 16, nayo ilishuka hadi nusu, shilingi 8, saa ambazo wateja ni wachache: saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, na Jumapili kutwa. Kodi na tozo huja juu ya hapo. Sharti lake ni mita ya peke yake kwa ajili ya kuchaji, na hapo ndipo mtu wa kawaida huachwa nje. Mwenye nyumba yake Kitengela anaweza kuomba mita ya pili, akavumilia barua na fundi wa kampuni kuja kukagua. Mpangaji wa ghorofa ya tatu ataanzia wapi? Wanaofaidi ni wenye magari mengi yanayolala sehemu moja. Mabasi ya BasiGo yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 huchajiwa usiku kwenye yadi, yakitoka alfajiri yamejaa. Mtindo wao wa kuchaji ni ule ule wa Leaf yangu. Wamezidi kwa mita tu.

Kwa nini stima ya usiku iuzwe nusu bei? Jibu liko Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha. Karibu sehemu nne kati ya kumi za stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na mvuke hauzimwi kirahisi kama jenereta. Kilele cha matumizi ya nchi, ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300, huja jioni, watu wakipika, wakioga na kutazama taarifa ya habari. Usiku wa manane matumizi huanguka karibu nusu, na mvuke mwingine huachiliwa upae hewani bila kuzungusha chochote. Gari linalochajiwa saa saba usiku linakunywa stima ambayo ingekosa mnywaji. Linalochajiwa saa moja jioni linagombania na sufuria za watu.

Kwa hivyo hata kama mita yako ni ya kawaida na hupati senti ya punguzo, usichomeke tu ukifika. Leaf ina saa yake ndani, unaiambia ianze saa ngapi na iishe saa ngapi. Yangu ilikuja ikizungumza Kijapani kila kitu, na mpaka leo kila nikiwasha inaniambia jambo kwa sauti ya dada mpole ambalo sijui ni salamu au ni onyo. Nilipata ukurasa wa kipima saa kwa kubonyeza na kupiga picha, moja baada ya nyingine. Nimeiweka imalize kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati ploti inaanza kuwasha shawa. Siku niliposahau, swichi kuu ilianguka na watu kumi na wanne wakabaki na sabuni kichwani.

Haya, ukuta wenyewe. Hapa ndipo ningependa watu watulie, maana ni sehemu inayoweza kuchoma nyumba, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Mimi nilijifunza kwa pua. Wiki ya pili, saa sita usiku, nikasikia harufu ya plastiki inayoiva. Nikashuka na tochi. Soketi ilikuwa ya kawaida, nyeupe, imefungwa na fundi aliyejenga, na kuzunguka tundu lake la kulia palikuwa na duara la kahawia, kama alama ya kikombe cha chai juu ya meza. Plagi ilikuwa moto kiasi cha kutoshikika. Nikazima ukutani kwa kiwiko.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Soketi zetu zimeandikwa ampea 13, kipimo cha mkondo wa stima unaopita, na watu huamini maandishi. Lakini ampea 13 kwa birika ni dakika nne. Chaja huvuta ampea 10 saa tano bila kupumua. Pale ndani kuna vibati vinavyobana pini ya plagi. Kwenye soketi ya bei rahisi, au iliyochomwa na kuchomolewa miaka mingi, vibati hulegea. Penye kulegea stima hupita kwa shida, penye shida panapata joto, na joto linalegeza zaidi. Mduara huo huenda usiku kucha. Shawa inavuta mara mbili ya hapo na haina tatizo hilo kwa sababu ina waya wake mnene kutoka kwenye boksi la breka, na imekazwa kwa skrubu bila plagi yoyote katikati. Soketi ya varandani imeunganishwa mstari mmoja na friji na runinga.

Fundi niliyemwita alikuwa wa umri wa baba yangu. Alifungua soketi, akatoa miwani, akatazama muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hapa hata athi hakuna. Waya wa kijani umekatiwa ndani ya ukuta." Athi ndiyo njia ya kutorokea stima ikipotea, badala ya kupitia kwako. Chaja nyingi za magari huipima kwanza, na zisipoikuta hukataa kazi na kuwasha taa nyekundu. Yangu ilikuwa ya bei ya chini, haikupima chochote. Wapo wanaokutana na taa hiyo nyekundu, wakadhani chaja ni mbovu, wakatafuta mtu wa "kuirekebisha" isilalamike. Tafadhali.

Alichofanya mzee yule ndicho ningemwambia yeyote afanye kabla hata gari halijafika: waya wake wenyewe wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi, breka yake peke yake, athi inayofika ardhini kweli, na mwishoni ile soketi ya bluu ya viwandani, ya mviringo, yenye kifuniko. Chini ya paa la mabati, mvua isifike. Kisha akaniambia nisije nikatumia ekstensheni, hasa ile ya kukunja kwenye gurudumu. Ikiachwa imekunjwa na stima inapita usiku kucha, hugeuka jiko.

Watu huuliza kama haikuwa bora kufunga chaja kubwa ya ukutani, ya kilowati saba. Kwa Leaf ya Japani ni kununua bomba kubwa kwa chupa yenye koo dogo. Betri hupokea stima ya aina moja, ya ukutani ni ya aina nyingine, na kifaa cha kugeuza kiko ndani ya gari. Hicho ndicho koo. Kwenye Leaf nyingi za Japani kinapitisha kilowati tatu, kwenye baadhi sita. Ufunge ukutani kilowati saba au 22, koo ni lile lile. Nimeshuhudia jamaa akigombana na mlinzi wa duka moja kwamba chaja yao ni mbovu, wakati gari lake lilikuwa linameza kila linachoweza.

Chaja za haraka ni kitu kingine. Hizo hugeuza stima nje ya gari, kwenye kabati kubwa linalonguruma, na kuipeleka moja kwa moja kwenye betri bila kupitia koo lile. Ya kilowati 50 inaweza kukutoa asilimia 20 hadi 80 kwa dakika 40 hivi, kisha kasi inaanguka na asilimia 20 za mwisho zinachukua muda wa kuudhi. Ni kama kujaza matatu: wa kwanza wanaingia na kukaa, wa mwisho wanabanwa mmoja mmoja huku makanga akisema bado kuna nafasi. Ukiwa kwenye chaja ya haraka na kuna mtu nyuma yako, ondoka ukifika 80. Kung'ang'ania 100 pale ni ukosefu wa adabu.

Na hapo bado hujakutana na suala la plagi. Leaf ya mtumba ina matundu mawili puani: dogo la stima ya kawaida, na kubwa la CHAdeMO la chaja ya haraka. Wajapani walilipa jina hilo kwa mzaha kidogo, linakaribia maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, yaani gari lijae wakati unakunywa. Chai yenyewe inazidi kuwa adimu. Magari mapya yanayoingia kwa mawakala, kama ya BYD, hutumia plagi ya CCS2, na vituo vipya vinafuata huko. Yaliyoletwa na watu binafsi moja kwa moja kutoka China mengi yana plagi ya kwao, GB/T. Kwa kuchaji polepole, adapta ndogo humaliza tatizo. Kwa kuchaji haraka, adapta ni ghali na si kila kabati huikubali. Kwa hivyo kabla ya kununua gari, tazama tundu lake, kisha uende kwa miguu yako kwenye vituo viwili vilivyo kwenye njia yako uone kama vina plagi hiyo, na kama vinafanya kazi siku hiyo. Ramani ya simu haikuambii kwamba kebo imekatika tangu Machi.

Chaja za mwanzo za Nairobi hazikuwekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nyingi zilifuata teksi. Mwaka 2018 kampuni ya Nopea Ride ilianza teksi za umeme kwa Nissan Leaf, na chaja zikatokea kwenye maduka kama Two Rivers na The Hub Karen. Teksi haina usiku wa kulala, inakimbia kutwa, na kila dakika ya kuchaji ni abiria aliyepotea. Bila chaja za haraka haipo. Nopea ilifunga kazi mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama ya Finland kuishiwa. Ila ile picha ya gari la umeme linalotangatanga mjini kutafuta chaja ilibaki vichwani mwa watu, nayo ni picha ya dereva wa teksi. Bodaboda nao wana mtindo wao wa kubadilisha betri kituoni na kuondoka, na kila mara kuna mtu anauliza kwa nini magari yasifanye hivyo. Betri ya Leaf ina uzito wa kilo 300.

Wapo wanaoihitaji chaja ya mjini kweli, sitawaficha. Chukua mtu wa Machakos, kilomita 65 hivi kwenda. Kwa Leaf yangu hana wasiwasi. Lakini akiwa amenunua Leaf za zamani, zile za betri ya uniti 24, hadithi inabadilika. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vibaa vidogo kumi na viwili vinavyoonyesha afya ya betri, na muuzaji hatakuonyesha usipouliza. Kibaa cha kwanza huanguka betri ikibaki na asilimia 85 hivi ya uwezo wake, vinavyofuata kila kimoja asilimia sita na kitu. Gari lenye vibaa nane limebaki na theluthi mbili: uniti 16 badala ya 24. Hiyo ni kilomita mia, siku nzuri. Machakos kwenda na kurudi ni 130. Mtu huyo lazima achaji mchana, na mahali pake ni kazini, si kwenye duka. Gari litakaa pale saa nane, soketi ya polepole inamtosha kabisa. Akamwone meneja wa jengo kabla ya kulipa pesa ya gari.

Betri za Leaf hazina kipoza-maji, zinategemea hewa, na joto ndilo linalozizeesha haraka. Kwa hilo Nairobi tumebahatika. Ndugu zangu wa Dar wanaotoka Kibaha hadi Posta wana hesabu tamu kuliko yangu, stima yao ya nyumbani ikiwa shilingi 350 na ushei za Tanzania kwa uniti, na hawana baridi ya Julai. Lakini jua la pale si la kuchezea: kivuli cha mwembe kazini, na kutoliacha gari limejaa asilimia 100 likioka kutwa, vitawaongezea miaka.

Ardhi pia ina sauti yake. Limuru iko juu ya mita 2,200, katikati ya Nairobi ni karibu 1,700. Kupandisha gari la kilo 1,600 mita 500 kwenda juu ni uniti 2.2, mbali na mwendo wa kawaida, na anayeishi huko huzilipa kila jioni. Asubuhi akishuka, mota hugeuka jenereta na kumrudishia sehemu kubwa. Ila akiwa amelala na betri imejaa hadi pomoni, hakuna pa kuweka kinachorudi, na gari hukataa kujishika kwa mota. Anashuka kwa breki za kawaida, akishangaa gari limekuwaje. Watu wa Limuru na Ngong waishie 90. Sisi wa Juja tuko chini kidogo ya mji, asubuhi tunapanda, jioni tunarudi kwa neema.

Foleni inayowatisha wengi haina madhara wanayodhani. Likisimama Githurai, gari halili kitu ila taa na redio. Kinachokula ni mwendo: ukikanyaga 110 Jumapili barabara ikiwa wazi utaona uniti zikishuka kuliko Jumatatu yote ya kusukumana. Na hita ya Julai. Leaf nyingi zina joto la kwenye kiti na usukani, linakula kidogo sana. Tumia hilo.

Nimeacha ploti mwisho kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote, na haina uhusiano na teknolojia. Wengi wetu tunaoingia Nairobi kila siku ni wapangaji. Sehemu ya kuegesha ni ya wote, ukuta ni wa mwenye nyumba, na waya mnene unaoshuka kutoka ghorofani huonekana na kila mtu. Mama ploti alinipigia siku ile ile fundi alipomaliza. "Hiyo gari inakunywa stima ya nani?" Nikamwambia ni tokeni zangu, waya unatoka kwenye mita yangu. Akasema anaelewa, lakini nyumba namba tisa hawaelewi. Tayari walikuwa wamemlalamikia kwamba tokeni zao zinaisha haraka tangu gari lije.

Tulichofanya ni kufunga mita ndogo pale chini, juu ya soketi ya bluu, ndani ya kijiboksi chenye kioo, kila anayepita aione. Haina kazi ya kulipisha. Ni ya kutazamwa tu. Soja akajitwika mwenyewe kazi ya kuandika namba zake kila asubuhi kwenye daftari la wageni, katikati ya majina na namba za vitambulisho. Mwisho wa mwezi wa kwanza ilisoma 274. Baba wa namba tisa alikuja akaangalia daftari, akaangalia mita, akapiga hesabu kwa simu yake, kisha akauliza hiyo Leaf inapatikana kwa bei gani.

Wiki iliyopita kijana wa namba saba, wa bodaboda ya umeme, ameomba naye afungiwe soketi. Mama ploti amenituma nimuulize mzee wangu wa stima: zikiwa tatu, na kila moja na kijiboksi chake, atamfanyia bei gani.